Kumrudishia Baba Mkwe Kazi Yake

Ukitaka kumpata Mokeira usimtafute ofisini, kwa sababu hana ofisi. Nenda soko la Migori, pita wauza mitumba, pita fundi wa kunoa visu, na ukikuta ovakado zimepangwa mafungu mafungu na nyuma yake mwanamke ameinamia simu mpaka shingo imeota kibyongo, huyo ndiye. Mwite mara mbili. Mara ya kwanza huwa hasikii.

Mong'ina, anayeuza ndizi meza ya jirani, alishaamua kitambo kwamba mwenzake ana mpenzi. "Mtu hawezi kuichekea simu hivyo asubuhi yote," alisema, "kama upande wa pili hakuna mwanaume." Wanaume kweli walikuwepo, tena wawili. Mmoja alikuwa Abdisalam, mwenye duka la simu kule Isebania. Mwingine alikuwa baba mkwe wake. Mapenzi hayakuwepo. Kilichokuwepo ni programu.

Nitakueleza kwa kifupi, maana nikizidisha hapo nitakudanganya. Mbuta, yule samaki mkubwa, akitoka ziwani akakosa barafu, wa kwanza kumla ni nzi. Bi Mwanarusi, mwanamke wa pwani mwenye duka la samaki mjini Migori, ana lori la barafu linalozunguka kwenye bichi, yaani pale mashua zinaposhusha samaki: Kendu Bay, Homa Bay, Sori na kwingineko. Zamani dereva aliongozwa kwa kupigiwa simu, kila bichi ikiapa kwamba samaki wake ndio wengi na ndio wanaokufa. Akifika Sori, samaki wako Kendu Bay. Akirudi Kendu Bay, barafu imekuwa maji ya kunawa. Programu ya Mokeira kazi yake ilikuwa kuuliza kila bichi ina nini, kupima umbali, kisha kumwambia dereva: anza na pale.

Mokeira alisomea kompyuta chuoni akatoka na cheti na laptopu. Cheti anacho mpaka leo. Laptopu ilikunywa uji wa mtoto, mama mtu akiwa amegeuka tu kuchukua kijiko, ikazima na haikuamka tena. Mwingine angelia akaacha. Yeye aliingiza kwenye simu ile app ambayo watu walio mbali mbali huandikia programu moja. Huyu analeta kipande chake, mwenzake anakisoma. Kikiwa sawa, anabonyeza kitufe cha kijani na kipande kinaingia. Kikiwa na kosa, anabonyeza chekundu na kipande kinarudi kwa mwenyewe na maelezo. Basi Mokeira akawa anagawa kazi, anafuatilia, anakumbusha waliolala, yote hayo kwa kidole gumba kimoja, kile kingine kikiminya ovakado kujua kama imeiva.

Aliweka sheria moja, tena akaiweka ndani ya app yenyewe ili isije ikabembelezwa: hakuna kipande kinachoingia mpaka yule mwenzako uliyepangiwa naye akubali. Yeye alipangwa na kijana mmoja wa Homa Bay, yeye akishughulikia umbali, kijana njia. Abdisalam akashika upande wa ujumbe wa kwenda na kurudi, akipangwa na msaidizi wake wa dukani. Mambo yakaenda vizuri mpaka yule kijana akapata kazi Qatar, akaaga kwa haraka, na pengo likabaki wazi.

Hapo ndipo Ratemo, mume wa Mokeira, fundi wa umeme, mtu mwema sana ila haoni mbali, alipofungua mdomo: "Si tumuweke mzee?"

Mzee ni Mzee Bogonko, baba yake. Alifundisha hesabu Kendu Bay miaka mingi hadi akasahau kurudi Kisii. Alijenga huko huko na akazeekea huko huko. Alipostaafu akawa msumbufu wa mji mzima. Alihesabu mbao za dari kanisani mahubiri yakiendelea, halafu akamfuata mchungaji kumwambia upande wa kushoto umepungukiwa na moja. Alisahihisha risiti za madukani na kuzirudisha kwa wenyewe. Mkewe, Mama Eucabeth, alimpigia Ratemo simu akalia: "Mtafutie baba yako kitu cha kufanya kabla sijajifanya mjane mwenyewe!" Ratemo akampelekea vitabu vya kompyuta. Mzee akavila. Haukupita mwaka, tayari alikuwa na programu ya kuhesabu kuku wake wakiingia bandani, na kuku mmoja alikuwa ameshatangazwa kupotea huku amekaa juu ya paa.

Kwa hiyo wazo la Ratemo halikuwa baya. Tatizo lilikuwa moja tu, na app haina mahali pa kulijaza: mzee ni mkwe.

Kwa Abagusii jambo hilo lina jina. Linaitwa ensoni. Ni haya, lakini si haya ya msichana kuuma kucha; ni haya yenye sheria zake. Mokeira hampi mzee mkono. Humsalimia kwa mbali, kichwa chini. Haketi pale mzee alipoketi, hapazi sauti akiwa karibu, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mama mkwe. Mzee naye vile vile, hamkodolei macho mke wa mwanawe wala hamkemei. Kumwambia mkwe kwa mdomo wako mwenyewe "umekosea"? Ai! Hilo mtu haliwazi hata akiwa na homa.

Na sasa app, ambayo haikuzaliwa Kisii wala haijaolewa popote, ikamtumia ujumbe asubuhi moja: Bogonko anasubiri uikague kazi yake.

Mokeira alifungua. Akaona mistari imejipanga kama wanafunzi gwarideni, mingi, misafi. Kukagua ni kutafuta kosa, na kumtafutia mkwe kosa ni sawa na kuchungulia bafuni mwake. Akafumba macho, kweli akafumba, Mong'ina ni shahidi, akabonyeza kijani. Kisha akaandika chini: "Asante sana Tata. Kazi nzuri. Mungu akubariki."

Tata ni baba kwa Kikisii. Na Tata naye, kila alipoletewa kazi ya Mokeira, alibonyeza kijani kabla chai yake haijapoa, akaandika neno moja: "Vyema."

Wakaendelea hivyo, kijani kwa kijani, hadi Abdisalam akaingiwa na wasiwasi. "Dada Mokeira," alimpigia, "nyinyi wawili hamkosei? Mimi hapa narudishiwa kazi mpaka naota. Hata malaika wangerudishiwa kitu kimoja, jameni."

"Tunaelewana," alisema Mokeira.

Programu ikakamilika, na Bi Mwanarusi akakubali kuijaribu. Ikimfaa, angewapa kazi ya kudumu na lori la pili. Isipomfaa, kila mtu ashike lake. Na Mokeira aliitaka kazi hii vibaya sana, sitakuficha. Ovakado hakuzichukia, zilimlisha. Lakini kila alipojaza fomu ya shule ya binti yake Beverlyne, pale palipoandikwa kazi ya mzazi, mkono ulikuwa ukisita. Alitaka mara moja tu maishani aandike kitu ambacho hakiozi.

Jaribio likaanza vizuri. Kendu Bay hadi Homa Bay, hakuna neno. Halafu Alhamisi simu ikalia. Alikuwa Magige, dereva wa lori, Mkuria mtaratibu ambaye hata ukimkanyaga hupandisha nyusi tu.

"Mama, niko Sori," alisema. "Simu yako inasema bichi inayofuata iko karibu sana. Inasema niende mbele, moja kwa moja."

"Basi nenda."

"Mbele kuna mama anafua nguo."

"Si umzunguke?"

"Nikimzunguka ni ziwa."

Mokeira akaweka ovakado chini. "Ziwa kidogo ama ziwa lenyewe?"

"Lenyewe, mama. Watu wameshakusanyika kuona kama nitaingia. Kuna mmoja ameanza kunichukua video."

Programu ilikuwa imepima kutoka Sori, ikakata ghuba katikati mpaka ng'ambo, kana kwamba lori ni mtumbwi. Kwa barabara ilikuwa safari ya kuzunguka na vumbi juu. Magige aliizunguka, akafika wakati barafu imeshakuwa supu na mbuta wana yale macho ambayo mnunuzi akiyaona hukumbuka kwamba leo alipanga kula maharagwe.

Bi Mwanarusi hakupiga simu. Alikuja mwenyewe sokoni, buibui likifagia maganda ya ndizi, akasimama mbele ya ovakado. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwanangu," alisema, "lori langu mie lina magurudumu. Makasia halina."

"Naomba msamaha, Bi Mwanarusi."

"Msamaha nimeshakupa. Nambie, nani kakosea?"

Mokeira akatazama chini. "Ni upande wa njia."

"Upande una mwenyewe?"

"Ni… mzee. Baba mkwe wangu."

"Basi mwambie atengeneze."

"Siwezi kumwambia."

Bi Mwanarusi akatikisa kichwa. "Haya. Jumamosi alfajiri lori linatoka tena. Likielekezwa majini mara ya pili, mie na nyie tumeagana kwa wema. Lakini nikwambie neno la bure: mficha uchi hazai." Akachagua ovakado moja, akaiminya, akairudisha, akaenda zake.

Jumamosi alfajiri! Mokeira na mzee wote ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, simu inaingia kwenye droo na haitoki mpaka Jumamosi jua lizame tena. Kwa hiyo kosa lilipaswa kuonekana, kusemwa na kutengenezwa kabla ya jua la Ijumaa. Kuonekana lilikuwa limeonekana: lori limepotea njia, njia ni kazi ya mzee, kuna hesabu gani tena hapo? Lililobaki ni kusema.

Alianza na Abdisalam. "Wewe si mkwe wake. Mrudishie wewe."

"Mimi?" Abdisalam akashtuka. "Dada, yule mzee ana umri wa babu yangu! Wiki jana alinieleza sehemu za desimali nikajiona niko chekechea. Wallahi simrudishii kitu. Halafu wewe mwenyewe ndiye uliyefungia sheria, mimi sina hata kitufe."

Akamgeukia mumewe. Ratemo alikuwa juu ya ngazi, anafunga waya. "Nimwambie baba hesabu zake haziko sawa?" alisema. "Unajua alinichapa kwa ajili ya hesabu mpaka darasa la nane? Bado nikisikia neno 'asilimia' mgongo unawasha." Akapanda ngazi vidato viwili zaidi, ambako hakukuwa na waya wowote.

Ijumaa mchana Mokeira akampigia mama mkwe, ambaye ndiye njia halali.

"Mama, tafadhali mwambie Tata, kwa heshima zote, kwamba lori haliwezi kupita majini."

Akasikia Mama Eucabeth akiita: "Baba Ratemo! Mokeira anasema lori haliwezi kupita majini!"

Sauti ya mzee ikasikika kwa mbali: "Ni kweli."

"Anasema ni kweli," mama mkwe akaleta jibu.

"Sasa, Mama, mwambie kama hatachoka, aangalie ile njia."

"Anasema uangalie njia!"

Kiti kikasogezwa. "Nitaangalia," ilisema ile sauti.

"Anafanya nini sasa, Mama?"

"Amesimama mlangoni," alisema Mama Eucabeth. "Anaangalia barabara na kukohoa. Mokeira, mko sawa nyinyi? Huyu mtu hajala vizuri tangu jana. Na mimi nikimuuliza, ananiambia ni hesabu."

Jua lilikuwa limeshapita utosi na linateremka. Mokeira akakaa juu ya kreti, akafungua app, akaanza kuandika. Alifuta mara nyingi. Alichobakiza ni hiki:

"Bwana asifiwe Tata. Natumaini wewe na Mama mmeamka salama. Sisi huku ni wazima, na mtoto anaendelea vizuri na masomo. Kuhusu ile kazi ya njia, ambayo ni nzuri sana na mimi sistahili hata kuigusa, naomba, kama itakupendeza, na isipokupendeza basi usahau kwamba nimesema, uangalie mahali ambapo pengine, kwa bahati mbaya isiyo yako, lori linaingia ziwani."

Mong'ina alikuwa amenyoosha shingo juu ya bega lake. "Unamwacha?" alinong'ona kwa huruma. "Unamwacha huyo mwanaume?"

"Mong'ina, huyu ni baba mkwe! Namrudishia kazi!"

"Uuuwi!" Mong'ina akakaa chini kati ya ndizi zake, mkono kifuani. Kuachana na mpenzi angelielewa.

App ikauliza kama ana hakika. App nayo! Hakuwa na hakika hata kidogo. Akabonyeza chekundu.

Mteja akaja akauliza kama hizi ovakado zimeiva, akajibiwa, "Mungu ndiye anajua." Akaenda kwa mwingine. Mokeira aliwaza jinsi atakavyoingia tena boma lile la Kendu Bay, na kwa uso gani. Aliwaza wakwe wakikaa kikao. Aliwaza akirudishwa kwao na kreti zake. Halafu simu ikatetemeka, na karibu aitupe.

"Mama Beverlyne, amani iwe kwako," mzee aliandika. "Nimesoma. Kosa lipo, ila haliko kwenye njia. Liko kwenye umbali. Umbali ni kazi yako. Siku uliyoileta niliona umepima kwa mstari wa rula, unavuka maji. Nilishindwa kukuambia. Ningekuambiaje? Nikabonyeza kijani. Baadaye niliweka neno juu kabisa ya kazi yangu ya njia, ili ukiisoma ulione bila mimi kukuaibisha. Ukaikubali ukasema nibarikiwe. Nikadhani umeliona ukaamua liwe hivyo. Tangu lori lifike ziwani sijalala. Nisamehe."

Mokeira alisoma mara mbili. Akatafuta kazi yake ya umbali. Ilikuwepo na jina lake juu, na mstari wenyewe ukimtazama. Alikumbuka hata siku alipouandika, kati ya wateja wawili, akajiambia atauweka hivi kwa muda tu. Kisha akafungua kazi ya mzee, ya njia, ile aliyoikubali macho yamefumba. Safari hii akaisoma. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: "Kwa msomaji: umbali huu tuutazame tena kabla lori halijaogelea."

Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Si aibu ya kukosea. Kukosea kila mtu anakosea. Miezi yote hiyo alikuwa akijisifu moyoni jinsi anavyomheshimu mzee wa watu, kumbe hajamsomea hata mstari mmoja. Mzee amekaa Kendu Bay na miwani yake, anaandika, anafuta, anapanga, anaweka neno la upole mahali pa kuonekana, na yeye anamtumia baraka bila kufungua jicho. Na mzee naye, hebu mwone! Mtu aliyekosoa dari ya kanisa, kwa mke wa mwanawe akanyamaza hadi lori likafika kwa mama anayefua.

"Ni mimi, Mong'ina," alisema. "Mwenye kosa ni mimi."

"Nilijua tu," alisema Mong'ina.

Hakuwa na nafasi ya kulia. Aling'oa ule mstari wa rula, akaiambia programu ichukue urefu wa barabara kama ulivyo kwenye ramani, kona na mizunguko yote. Gumba likawa linakimbia, na wateja wakawa wanajipimia wenyewe. Jua lilikuwa limefika kwenye mabati ya soko alipopandisha kazi kwa mzee. Akangoja ile kijani yake ya siku zote.

Ikaja nyekundu.

Haki ya Mungu, nyekundu! Kutoka kwa mkwe! Na chini yake maneno: "Imerudi. Lori likiwa limeshafika bichini, umbali ni sifuri, na mistari mitatu chini unagawanya kwa huo umbali. Kugawanya kwa sifuri nilikataza darasani miaka yote na sijabadilisha msimamo. Tengeneza. Fanya haraka, jua linashuka."

Mokeira hakujua acheke ama aingie chini ya meza. Alifanya yote mawili. Aliingia chini ya meza kwa sababu ndiko kwenye kivuli cha kuona kioo vizuri, na huko huko akacheka peke yake hadi Mong'ina akainama kumtazama. Akatengeneza, akapandisha. Kisha akaona amesahau bichi moja ya Homa Bay, akairudisha mwenyewe kabla mzee hajamrudishia, akapandisha tena. Soko lilikuwa linafungwa. Watu walikuwa wanafunga turubai, na yeye bado yuko chini ya meza.

Kijani. "Vyema," aliandika mzee. "Huku jua linagusa maji. Sabato njema."

Simu zikazimwa, ya Migori na ya Kendu Bay.

Sabato ile ilikuwa ndefu, wacha tu. Lori lilitoka alfajiri, na Mokeira alikuwa kanisani na kitambaa kichwani, simu iko nyumbani kwenye droo chini ya soksi. Kwaya iliimba. Yeye aliona magurudumu yakiingia majini. Mhubiri akasoma habari za wana wa Israeli kuvuka bahari pakavu, na Ratemo akamsukuma kwa kiwiko, na Mokeira akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote, ndani ya nyumba ya Bwana.

Jua lilipozama Jumamosi, soksi ziliruka. Magige alikuwa amemtumia ujumbe mfupi: "Nimefika kote. Sijalowa." Chini yake palikuwa na sauti ya Bi Mwanarusi, aliyoituma mchana: "Mwanangu, samaki wangu wamefika na macho yao. Jumatatu njoo tuzungumze habari ya lori la pili. Na huyo mzee wako mje naye; Abdisalam kanihadithia yote, nataka kumwona mtu anayemrudishia mkwewe kazi Ijumaa jioni."

Mokeira alimpa Ratemo simu asikilize mwenyewe, kwa sababu yeye alikuwa tayari analia, na uso ameufunika kwa soksi.

Jumapili wakaenda Kendu Bay. Kurudishiana kazi kwa simu ni jambo moja. Kuonana uso kwa uso baadaye ni jambo lingine. Mzee Bogonko alikuwa ameketi uani kwenye kiti chake. Mokeira akamsalimia kwa mbali, kichwa chini, kama siku zote. Mzee akajibu akitazama kuku, kama siku zote. Hakuna aliyetaja lori. Hakuna aliyetaja sifuri. Mokeira akapita jikoni kumsaidia mama mkwe, akashika mwiko, na akahisi mambo yamerudi yalikokuwa, mabaya na mazuri yake.

Ugali ulipokaribia kuiva, Mama Eucabeth aliitwa nje. Akarudi anatikisa kichwa.

"Mokeira, baba yako anasema ameleta kazi mpya kwa simu. Anasema usome." Akafikiri kidogo ili asipoteze neno. "Anasema usome kwa macho."

Mokeira alifuta mikono kwenye leso, akafungua app pale pale kando ya jiko. Ilikuwa kazi ya kupanga malori mawili yasigongane bichi moja. Alisoma kuanzia juu, mstari kwa mstari, akiguna, akirudi nyuma, sufuria ikiunguza ukoko na mama mkwe akiugeuza ugali kimya kimya. Ilikuwa kazi nzuri kweli. Karibu na mwisho akasimama. Mzee alikuwa amesahau kwamba lori la pili laweza kuharibika.

Hakuandika Bwana asifiwe. Hakuuliza wazima wameamkaje. Aliandika: "Tata, lori la pili likiharibika njiani, la kwanza litalingoja milele. Tengeneza." Akabonyeza chekundu, macho wazi.

Huko uani simu ililia. Mzee akasikika akipapasa kutafuta miwani yake. Mokeira na mama mkwe wakatazamana juu ya ugali. Halafu wakamsikia mzee akipiga paja kofi kubwa, kuku wakitawanyika, na sauti yake ikiita kwa furaha ambayo boma lile lilikuwa halijaisikia tangu astaafu:

"Eucabeth! Amesoma!"